Mama Miguu na mgeni wa kwenye karai

Mwandishi wa habari hii ana kosa la kukiri kabla hajaendelea. Wiki tatu zilizopita gazeti hili lilitoa picha ya kidege cha kahawia, na chini yake yeye, kwa kujiamini kwa mtu mwenye stashahada yake, akaandika neno moja: shomoro.

Hakuwa shomoro. Saa mbili asubuhi ile ile simu ya chumba cha habari ililia. Alikuwa mama mmoja mpole, anaongea huku pampu inanguruma nyuma yake. Hakugomba. Alieleza tu kwamba shomoro ana mdomo mnene wa kubangua mbegu, na huyu wa gazetini mdomo wake ni kama sindano, wa kuchokolea wadudu. Kisha akauliza: "Na miguu mbona mmeikata kwenye picha, mwanangu? Sasa mtu atamjuaje?"

Ndiyo maana leo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwandishi amejibanza nyuma ya ukuta mfupi kwenye mabwawa ya majitaka, leso puani. Mbele yake, juu ya tofali mbili, kuna karai la maji safi lenye kokoto chache.

"Harufu utaizoea," mama yule anamnong'oneza. "Mimi niliizoea mwaka wa tatu."

Ana miaka kumi na tisa hapa. Kazi yake ni kufungua na kufunga koki, kuopoa takataka kwenye nyavu na kuandika kina cha maji. Mabwawa ni sita. Kuyazunguka yote ni kilomita mbili, naye huyazunguka mara tatu kwa siku. Katika kuzunguka huko ndipo macho yakaanza kwenda kwenye matete, na daftari la kina cha maji likaanza kuandikwa ndege kwa nyuma. Sasa ana madaftari kumi na moja.

Wenzake wanamwita Mama Miguu. Ukimwambia umeona kidege, hakuulizi kilikuwa wapi wala kikubwa kiasi gani. Anauliza miguu ilikuwa rangi gani.

Darubini yake ilikula mshahara wa mwezi na nusu, na sasa ina ufa jicho la kushoto. Mumewe, fundi cherehani, aliishonea mfuko kwa kitambaa cha suruali ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Mzee huyo husema kwa upole kwamba angeota manyoya, labda naye angetazamwa.

Shida yote ya leo ni videge viwili vinavyofanana kama mapacha. Vyote ni wageni wa msimu, vidogo kuliko kidole gumba na cha shahada vikiunganishwa, mgongo wa rangi ya majani makavu, mstari hafifu juu ya jicho. Mmoja miguu yake ni ya rangi ya chai ya maziwa. Mama Miguu anamwita Chai, na anaonekana kila mwaka. Wa pili miguu yake ni myeusi, anaitwa Masizi, na kwenye mabwawa haya hajawahi kuandikwa.

Au tuseme aliandikwa mara moja, na ndilo doa lenyewe.

Miaka mitano iliyopita Mama Miguu alimpigia simu mtaalamu wa ndege akamwambia Masizi kafika. Mtaalamu akasafiri saa sita na wenzake watatu. Walikikuta kidege kweli, miguu myeusi tii. Kikashuka kwenye mfereji wa maji safi, kikajimwagia, kikatoka na miguu ya rangi ya chai. Lilikuwa tope la mabwawa.

"Watu wazima wanne wakatazama viatu vyao," anasimulia, na sasa anaweza kucheka. "Mwaka mzima hapa kazini naulizwa, Mama Miguu, leo nani kavaa soksi?"

Kwa hiyo siku kumi zilizopita, alipomwona tena wa miguu myeusi kwenye matete ya kona ya magharibi, alijua hataaminiwa. Alituma taarifa hata hivyo. Mtaalamu akaipiga mstari mwekundu, akajibu kwa adabu: tope tena, mama.

Na matete yanafyekwa leo, saa mbili. Yanaziba mfereji, na msimamizi wa mabwawa ameshaleta wafyekaji watatu. Ndege adimu akithibitishwa, msimamizi ana ruhusa ya kusubiri wiki saba mpaka wageni waondoke. Asipothibitishwa, hakuna cha kusubiri.

Mama Miguu hakubishana. Alileta karai kutoka nyumbani.

"Mimi siwezi kumshika ndege nikamwosha miguu," anasema. "Nikasema basi, mgeni ataoga mwenyewe." Kila asubuhi anabadilisha maji. Siku ya sita mgeni akaja. Siku ya nane akazoea. Jana mama akampigia mtaalamu, akamwomba aje mara moja tu, akaahidi kwamba yeye akikosea tena hatampigia maisha yake yote.

Mtaalamu amekuja. Yupo nyuma ya ukuta huu huu, amechuchumaa, mtu wa makamo mwenye soksi safi mno kwa mahali hapa.

Saa moja na dakika kumi, kitu kidogo kinatua kwenye ukingo wa karai. Miguu ni myeusi. Mtaalamu anapumua kama mtu aliyekwisha kuiona sinema hii.

"Usitazame miguu," Mama Miguu anamwambia. "Tazama mkia."

Mkia unashuka, unarudi, unashuka tena, kama mtu anayejaribu pampu ya baiskeli. Chai hafanyi hivyo, si kwa mfululizo hivyo. Kidege kinaita, mlio mmoja mfupi. Chai huita kwa vipande viwili, anaeleza bila kutoa jicho kwenye darubini. Kisha kinaingia majini, kinajipiga mabawa, kinarusha matone mpaka kwenye leso ya mwandishi.

Kinatoka. Miguu ni myeusi kama ilivyoingia.

Mtaalamu anaomba daftari, anatazama ukurasa wa siku kumi zilizopita, analirudisha pamoja na kalamu yake.

"Andika wewe, mama," anasema. "Na jina la aliyeona liwe lako peke yako. Mimi nimeletwa tu."

Mama Miguu anaandika taratibu, kwa herufi kubwa. Mpango wake, anasema, ni kuwafundisha wote wa hapa, hata wafyekaji, kuita ndege kwa miguu yake.

Ila saa mbili imefika. Msimamizi anakuja njiani na watu wake watatu. Mama Miguu anavua darubini yake shingoni, anamwekea bosi wake mikononi, anamwelekeza kwenye karai, ambako Masizi amerudi kuoga.

"Mtaalamu huyu hapa, muulize. Kona ile moja tu, bosi. Niachie wiki saba."

Msimamizi ana darubini machoni. Wafyekaji wanatazama mapanga yao.