Tusi Nililolimeza Kortini

Siku ile naikumbuka mpaka kanga niliyovaa, mwanangu. Zama hizo za Mwingereza nilikuwa nimeolewa juzijuzi, nauza vitumbua sokoni Kariakoo, ubavuni mwa Selemani muuza mihogo. Huyu alikuwa mtoto wa pekee wa somo yangu, Bi Mwanaidi, aliyenicheza unyago akanifunza kuoga, kusalimia na kuchunga kinywa. Hasa kinywa! Nikiteleza neno, alinifinya mpaka machozi.

Asubuhi hiyo Selemani aligombana na muuza nazi mmoja. Waligombea kivuli. Kivuli cha ukuta, mwanangu, watu wazima na akili zao! Wakarushiana maneno kama kawaida ya soko, sisi tunacheka. Mara yule muuza nazi akamsogelea, akamtaja mama yake kiungo kwa kiungo, akaeleza na alivyomfanya, kisha akamtia na Selemani mwenyewe humo humo... Astaghfirullah. Hata leo ulimi unanikwama. Alilisema kwa sauti ya chini, nikalisikia mimi peke yangu.

Kisu cha kumenyea mihogo kilikuwa tayari mkononi mwa Selemani, hakwenda kukitafuta popote. Pigo moja tu. Mwenzake akaangukia nazi zake, Selemani akakaa chini akilia hata askari hawajafika.

Wakili wake, Mhindi mmoja mpole, alinikalisha kitako kabla ya kesi. "Sikiliza, binti. Hawezi kusema alijitetea, marehemu alikuwa mikono mitupu. Tumebaki na njia moja. Mtu akichokozwa kwa jambo zito, akaua palepale kabla hasira haijamtoka, hanyongwi, hufungwa. Lakini lazima jaji alisikie tusi lenyewe, na Selemani amekataa katakata kulitamka."

"Nitalisema mimi," nikamjibu. Wallahi nilikusudia.

Siku ya siku napanda kizimbani, nageuza macho, namwona Bi Mwanaidi benchi la mbele, ndani ya buibui lake, ananitazama. Wakili akaniuliza Selemani aliambiwa nini. Nikasema alitukanwa. Tusi gani? Tusi baya. Jaji naye akaniuliza kwa kinywa cha mkalimani, na mimi, mjinga mie, nikajiziba uso kwa kanga: "La kawaida tu, bwana. La sokoni."

Jaji akaandika. Nikamtazama Selemani, na ole wangu, alikuwa ananishukuru kwa macho.

Akahukumiwa kunyongwa, na kweli walimnyonga.

Siku ya hukumu, pale nje ya korti, nilimwamkia Bi Mwanaidi, shikamoo yangu hakuiitikia. "Ulikuwa unamsitiri nani?" akaniuliza.

"Wewe, somo."

"Mimi? Mimi ningelivua hili buibui mbele ya wanaume wote wale, mwanangu apone! Mficha uchi hazai, hukupata kulisikia? Nimekufunza adabu, umeniulia nayo mtoto."

Hakusema nami tena mpaka anazikwa.

Mwanangu, kwamba hasira ni hasara utaambiwa na kila mtu, na ni kweli, yule kijana angetupa kisu chini angezeeka. Mimi nakuusia lingine, maana ndilo lililonila. Ukiitwa ushahidi na shingo ya mtu iko kinywani mwako, sema neno kama lilivyosemwa, hata mama yako mzazi akiwa mbele yako. Watu watakuona huna haya. Waache! Haya ya mtu huisha, aliyezikwa hafukuliwi. Heshima inayoua si heshima, ni woga uliojitanda kanga.

Nimefunga, nimesali, nimelia mpaka nimechoka, na sijui kama nimesamehewa. Wewe nenda, Mola akujaalie ulimi mkweli kuliko wangu, na akuepushe na kizimba kile. Mimi nilishashuka, lakini hakijanitoka.