Chini ya Shibiri Moja

Mama alirudi Juba baada ya mkataba wa amani akiwa na haja moja tu: kujenga kwenye kiwanja cha baba yake, kule Lemon Gaba. Miaka yote ya ukimbizi Kenya alikitaja kiwanja hicho utadhani ni mtoto aliyemwacha nyuma. Tulipofika tulikuta kimezungushiwa kamba na mawe yaliyopakwa rangi nyekundu. Vita vilikuwa vimepanda mabomu mle.

Wategua mabomu walikuja na vyombo vyao, wakapekua udongo majuma mengi, wakatoa walichokiona. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wao. Siku ya kutukabidhi kiwanja, mkuu wao, mgeni mpole mwenye macho mekundu ya uchovu, alimweleza Mama kwamba vyombo vimepima hadi shibiri moja kwenda chini, na katika shibiri hiyo hawaoni kitu tena. Mama akanigeukia.

"Muulize: mafi?"

Mafi ni Kiarabu cha Juba, maana yake hakuna. Sokoni Malakia ulilisikia neno hilo kutwa: sukari mafi, umeme mafi. Nikamuuliza. Yule bwana akatikisa kichwa, akarudia kwamba hawaoni kitu. Mama akauliza tena, akajibiwa vilevile. Nilimkasirikia mgeni yule ingawa nilijua anasema kweli. Chuoni nilifundishwa falsafa ya sayansi: kutoona si kutokuwepo, na hata utafute vipi, "hatukuona" haigeuki kuwa "hakuna." Nililiandika jibu hilo kwenye mtihani nikasifiwa. Sasa nilikuwa nalo mbele ya mama yangu, na halikumpa hata pa kuweka kigoda.

"Kama yeye mwenye vyombo hajui," Mama alisema, "mimi nitajulia wapi?"

Tukapanga chumba Malakia. Kila Jumapili baada ya ibada alitaka nimpeleke akakitazame kiwanja chake. Alisimama barabarani tu, hakuvuka pale kamba zilipokuwa. Mganda aliyefungua duka la misumari na mabati kwenye kiwanja kinachopakana na chetu alikuwa akimtania.

"Mama, mimi iko hapa mwaka mbili. Mimi natembea, mbuzi natembea, hakuna kitu. Wewe naogopa nini?"

"Hata waliolipuka," Mama alimjibu, "jana yake walikuwa wazima."

Jirani alicheka, nami nikacheka, lakini moyoni nilikata tamaa. Mama alikuwa amewashinda walimu wangu wote akiwa amesimama na mwavuli barabarani. Mvua zilikuja zikahamisha udongo, na shibiri niliyomtafsiria haikuwa tena shibiri ileile. Mbuzi wa jirani walinenepa kwa majani yetu.

Watu walipokuwa wakijiandaa kwa kura ya maoni, homa ilimlaza Mama. Hospitali walimpima damu, wakasema hawakuona kitu. Niliwashukuru kwa hasira. Kabla hajanyamaza kabisa alinishika mkono.

"Nizike kwangu," alisema. "Nikishakufa sitaogopa."

Lakini kaburi haliishii shibiri moja. Vijana wa kanisa walikuja na majembe, wakaniuliza chini kuna nini. Nikawaambia sijui. Wakaketi kando ya barabara, na sikuwalaumu. Nikaingia kuchimba mwenyewe. Jirani Mganda akanifuata, siku hiyo hana mzaha, na kila jembe lilipogonga jiwe tulisimama tukatazamana. Tulichimba hadi shimo likatufika kifuani, hatukukuta ila udongo, mawe na mizizi.

Nilisimama humo ndani nikalitazama shimo lote. Miaka yote ile aliniomba neno moja, nami sikuwa na haki ya kulitamka. Sasa palikuwa na sehemu ya ardhi yake niliyoijua kweli, inayomtosha akiwa amelala.

"Mafi, Mama," nikasema.

Kisha nikatoka, tukamshusha. Kuhusu kiwanja kilichobaki, mpaka leo sijui.