Chuchu Mbili, Wanambuzi Watatu

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye mabanda ya nguruwe kule Njiru, msimamizi hakuniuliza cheti. Heri yangu, maana shule niliiacha darasa la sita, na kazi nilizibadilisha kama mashati. Alinichuchumaza kando ya nguruwe jike aliyelala ubavu akasema, "Hesabu chuchu, kijana."

Zilikuwa kumi na nne. Akanieleza kwamba wanyama wengi wanaonyonyesha huzaa watoto wanaokaribia nusu ya chuchu zao, na nusu nyingine ni akiba, chuchu moja ikikauka au ikiuma. Nguruwe wetu huzidi nusu hiyo kwa sababu wafugaji kwa miaka mingi wamechagua majike wanaozaa sana. Lakini kila kitoto hushika chuchu yake na kuipigania, hivyo wakizidi chuchu, mnyonge hukosa.

Miguu ikaniwasha nikahamia Kariobangi, kufuga sungura juu ya paa la ghorofa. Mwenye sungura alikuwa dereva mstaafu kutoka Kitui, na wote tulimwita Dereva. Nilimsumbua kwa maswali. Kwa nini sungura ajaze sanduku na ng'ombe alete ndama mmoja? Akasema sungura hubeba mimba mwezi mmoja tu, akazaa vitoto vipofu, uchi, vya kufichwa kwenye manyoya. Mwewe na mbwa huchukua wengi, kwa hiyo lazima wawe wengi. Ng'ombe hana shimo la kumficha ndama. Ndama lazima asimame siku ileile afuate kundi, basi hutengenezwa polepole tumboni, mmoja, akakamilika.

Cheo changu cha mwisho nilijipa mwenyewe: mkunga wa mifugo. Nilizunguka mitaani nikizalisha mbuzi na kondoo. Ndivyo nilivyofika Majengo, Pumwani, kwa Bi Zuhura, mjane aliyeuza chai ya maziwa ya mbuzi wake. Mbuzi alikuwa mzee, meno yamelika, na huo ulikuwa uzao wake wa mwisho. Alizaa madume wawili, kisha kijike kidogo kama paka. Bila kijike hicho, ukoo wa maziwa ya Bi Zuhura ungekwisha, na meza ya chai nayo.

Mbuzi ana chuchu mbili. Madume walizishika wakakataa kubanduka. Nilikamua dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, nikakinywesha kijike kwa chupa. Lakini siku zilizofuata maziwa hayakuwatosha wote, na kijike kikaacha hata kulia. Jirani wa Bi Zuhura, fundi wa viatu, akasema tukiache, Mungu ameshahesabu siku zake. Bi Zuhura akakifunika kwa leso yake.

Nikampigia simu Dereva. Kwanza alicheka, akauliza nimefukuzwa wapi tena. Nikamweleza.

"Kwetu kuna fuko asiye na manyoya," akasema. "Mama yao huzaa watoto wengi kuliko chuchu zake, na wanaishi."

"Wanaishije?"

"Wananyonya kwa zamu. Na yeye hatoki kutafuta chakula, ukoo mzima unamlisha. Usihesabu chuchu peke yake, bwana. Hesabu wanaomlisha mama."

Tulitenga pembe ya banda kwa ubao, tukawaingiza watoto kwa mama yao kwa zamu, kijike kikitangulia kila mara. Madume walilalamika mtaa mzima ukasikia. Bi Zuhura akapita nyumba kwa nyumba kumwombea mbuzi chakula. Mama mboga akatoa vikonyo vya sukuma wiki, wengine maganda ya ndizi, na mbuzi akala kutwa. Kiwele kikaanza kujaa.

Asubuhi moja fundi wa viatu naye akatokea na kifurushi.

"Umekuja kuzika?" Bi Zuhura akamuuliza.

"Nimeleta majani ya viazi vitamu, Bi. Mbuzi hashibi maneno."

Siku hizi magoti yamenistaafisha, na wanaonifuata kazini huniuliza kanuni. Nawaambia hesabu ya chuchu ni ya kweli, ijifunzeni. Inakuonyesha mama anaweza nini akiwa peke yake. Kisha tazama kama yuko peke yake.

Juzi Bi Zuhura aliniita nimpapase tumbo yule kijike, ambaye sasa ni mbuzi mpana mwenye kiburi. Nikasema ana mimba, atazaa mmoja au wawili, ndiyo kawaida.

"Na wakiwa watatu?"

Kabla sijajibu, fundi wa viatu akasema kutoka mlangoni kwake, bila kuinua macho kutoka kwenye soli, "Watatu tunawaweza."