Salamu kwa Gari la Muleba

Mvua ya Bukoba haina haraka. Asubuhi hutoka ziwani, ikapanda mlima taratibu, ikapita juu ya migomba na mabati, na kama umekaa peke yako chumbani huku redio imewashwa, hufika mahali hujui tena ule uvumi ni wa mvua au ni wa redio. Nilikaa katika uvumi huo miaka yangu ya ujana. Nilikuwa mtu wa simu ya upepo, na pia fundi wake, kwa sababu chuoni tulifundishwa vyote viwili. Mpaka leo mvua ikianza kunyesha juu ya bati, mkono wangu unatafuta kitufe.

Mkoa wetu wakati huo ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Watu walikuwa wakihimizwa kuhamia vijiji vya ujamaa, kahawa ilikuwa ikivushwa mpaka kwa magendo, na kila mtu alikuwa Ndugu. Mkuu wa wilaya Ndugu, mfagiaji wa soko Ndugu. Nchi nzima ilikuwa ndugu zangu, isipokuwa mzee mmoja wa Nshamba, naye alikuwa baba mkwe wangu.

Kwetu bibi harusi akifikishwa ukweni hupakatwa. Baba mkwe huketi, bibi harusi akakalishwa mapajani pake kama mtoto mchanga, na kuanzia hapo ni mtoto wa nyumba ile, hata akikosea ataonywa kama mtoto. Siku yangu ilipofika, mzee alichukua panga akaenda kibanjani, shambani kwake, kuweka miti ya kuegemeza migomba. Alikaa huko mpaka wageni wakaondoka. Kosa langu lilikuwa kubatizwa Mlutheri, na mwanawe, Mkatoliki mtoto wa Mkatoliki, kunioa bomani badala ya kanisani kwao.

Tangu siku ile hakuitikia salamu yangu. Wahaya wa zamani hizo, mwanamke akimwamkia mkubwa, hasa baba mkwe, hupiga magoti, na hainuki mpaka aitikiwe. Mimi nilipiga magoti mlangoni pake kila tulipokwenda Nshamba, naye akaitazama mibuni yake kama ndiyo kwanza anaiona. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akija kunishika kiwiko na kuniinua, kwa huruma. Iliniuma sana. Lakini mimi ni mbishi, nilinyonya ubishi kwa mama yangu, kwa hiyo nilizidi kwenda na nilizidi kupiga magoti. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, mzee yule aniitikie.

Sasa mzee huyo alikuwa dereva wa Landrova ya doria ya Muleba. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na askari barabara za Nshamba na Ijumbi, kisha kushuka mpaka ufukweni, mahali unapoiona Bumbire imelala majini, kutazama mitumbwi inayopakia magunia yasiyo na mwenyewe. Gari lilikuwa na redio ndogo, nzuri kwa macho, yenye uso wa kung'aa. Msimu wa mvua za masika ilikufa. Gari lilizama kwenye tope kule ufukweni, redio haikutoa hata mlio, na mzee akalala humo na homa mpaka wavuvi walipomkuta. Mume wangu aliponisimulia, alisimulia huku akiangalia ukuta.

Baada ya hapo mkuu wangu wa mawasiliano, mtu wa Singida, mwema lakini mpenda vitu vipya, aliniita stoo. Juu ya meza kulikuwa na redio mbili. Moja ilikuwa ndugu yake ile iliyokufa, mpya kabisa, nyepesi, unaibeba kwa mkono mmoja. Ya pili ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, rangi imechubuka kwenye pembe, imekaa stoo miaka na hakuna aliyeitaka.

"Chagua, Ndugu," alisema, huku mkono wake umeshailalia ile mpya.

Nilizifungua zote mbili. Ile mpya ndani yake vitu vilikuwa vimeshikwa na skrubu ndogo za kuhurumia, na bati lake ukilibonyeza linabonyea. Ile nzito ilikuwa na mpira mzunguko mzima wa kifuniko kuzuia maji, vifundo vikubwa ambavyo hata mkono wenye tope unavishika, na ukikizungusha kimoja kinagota mahali pake bila wasiwasi. Nilizifunga kwa zamu kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, zimewashwa, nikateremka nazo kwenye kokoto za barabara ya ziwani. Watu waliniona wakadhani nimerukwa na akili. Ile mpya ilianza kukatakata sauti kabla sijafika chini. Ile nzito iliendelea kuvuma, haikunijali hata kidogo.

"Hii," nilimwambia mkuu.

"Mbaya hivyo?"

"Si tunaifunga garini, Ndugu? Hatuiozeshi."

Alicheka, lakini alitoa sharti. Ataipanda Landrova yeye mwenyewe, wataijaribu kutoka Muleba, Nshamba na Ijumbi. Ikishindwa kusikilizana na Bukoba, inatoka, inarudi ile yenye uso wa kung'aa. Nilikubali. Nilimwona mzee ndani ya tope, homa inamtikisa, anabonyeza kitufe kinachong'aa na hakuna anayemsikia.

Gari lililetwa Bukoba nilifungie redio. Mzee alikaa kwenye kiti chake cha dereva, hakushuka. Nilipiga magoti uani palepale kwenye mafuta machafu, nikamwamkia. Akatazama kioo. Makanika wa gereji, aliyekuwa anashikilia tochi, akakohoa, nikajiinua mwenyewe kwa aibu, nikaanza kazi.

"Mwambie fundi," mzee alimwambia makanika, "hapo nitagonga goti."

Makanika alisimama katikati yetu, mkono wake mmoja unanigusa bega. "Fundi, hapo atagonga goti."

"Mwambie mzee sifungi hapo. Hapo ndipo maji yanapoingia mkivuka mto."

"Mzee, hafungi hapo."

"Nimesikia. Kwani mimi kiziwi?"

Niliifunga katikati ya viti, juu kidogo ya sakafu, kwenye kipande cha chuma nilichokiunganisha na mwili wa gari kwa bolti nne. Chini yake niliweka mpira niliokata kwenye tairi kuukuu, ili mashimo ya barabara yaishie kwenye mpira yasifike kwenye redio. Kila nati niliitia washa ya springi, kile kipete cha chuma kinachoibana, isilegee. Waya wa umeme niliutoa moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi nikaiweka huko huko karibu na betri. Eriali niliifunga pembeni nyuma, nikakwangua rangi mpaka chuma kikawa cheupe, maana eriali iliyofungwa juu ya rangi ni kama mgeni asiyekaribishwa. Shina lake nililitia springi, lipinde likigongwa na majani ya migomba kisha lisimame tena. Mzee alifuata kila bolti kwa macho. Nilipomaliza, aliishika ile redio kwa mikono miwili akaitikisa kwa nguvu zake zote. Gari zima lilitikisika. Redio haikusogea.

"Mwambie fundi," alisema, akaishia hapo, akawasha injini.

Siku ya majaribio ilikuwa siku ya mvua hiyo hiyo isiyo na haraka. Kabla hawajaondoka, mkuu alizungumza nami kutoka uani na sauti ilikuwa safi kabisa. Kisha nikabaki peke yangu chumbani, na kwenye meza kipaza sauti chetu, kile cha kusimama, kilichofungwa kwa skrubu ili kisiibwe, na kitufe chake chini. Dirishani ziwa lilikuwa limepotea. Nilisinzia nusu, macho wazi, nikaliona gari likipita Kemondo, likipanda, ukungu ukilificha kati ya migomba.

Redio ikakohoa. "Bukoba, Bukoba. Hapa gari la Muleba. Unanipata? Ova."

Kanuni ilikuwa dereva ndiye anayeita. Kwa hiyo ilikuwa sauti ya mzee, nayo ilijaa chumba chote, pana na ya karibu kuliko nilivyowahi kuisikia nyumbani kwake. Magoti yangu hayakuniuliza. Nilijikuta sakafuni, mkono mmoja umenyooka juu kubonyeza kitufe, na nikamwamkia kwa Kihaya, salamu kamili ya baba mkwe, ingawa kanuni zilikataza salamu za nyumbani hewani.

Redio ikavuma: "Bukoba, hapa gari. Hesabu tuone. Ova."

Hakuitikia, nami sikuinuka. Ningeinukaje? Kuinuka bila kuitikiwa ni kusema yamekwisha, kila mtu na lwake. Nikahesabu moja mpaka kumi nikiwa pale chini.

"Sikupati vizuri," alisema mzee. Mkuu akamnyang'anya kipaza sauti: "Ndugu, ongea kwa nguvu! Unanong'ona!" Nilipaza sauti, lakini mbele ya mkwe mwanamke hapayuki, na koo langu lilijua hilo kuliko mkuu. Walikata, wakasema wanapanda Nshamba.

Hewani hapakuwa na mtu tena wa kumsubiri, nikainuka, nikakagua kila kitu. Nilipima betri. Nilitoka kwenye mvua nikaitazama eriali ya mlingoti. Nilijilaumu juu ya ule waya wa gari, nikawaza labda nimekwangua rangi kidogo mno. Kipaza sauti sikukiwaza hata mara moja. Walipoita kutoka Nshamba ilikuwa vilevile: sauti ya mzee, magoti yangu, salamu yangu, kimya chake, na mkuu akilalamika kwamba ananisikia kama mtu aliyefunikwa na blanketi.

"Tunajaribu Ijumbi," alisema mkuu. "Ikishindwa hapo, Ndugu, ninaitoa leo hii hii."

Nilikaa nikalia. Sikulilia redio. Nililia kwa sababu kitu pekee mzee alichokubali kukigusa kutoka mikononi mwangu kilikuwa kinakwenda kung'olewa mbele yake, naye atarudi ufukweni na kile kibati kinachong'aa, na mimi nitabaki Mlutheri aliyemharibia hata gari.

Yaliyotokea ndani ya gari kule Ijumbi nilisimuliwa baadaye na mkuu. Anasema walisimama chini ya mgomba, maji yanateremka kiooni. Mzee aliita. Sauti yangu ikaja, ndogo, kwa Kihaya. Mkuu, ambaye Kihaya hakijui, akasema basi, leta bisibisi. Mzee aliikodolea macho ile redio, kisha akasema, "Redio ni nzima. Mtu ndiye yuko chini."

"Chini wapi?"

"Chini, sakafuni. Hiyo ni sauti ya mtu aliyepiga magoti. Nimezisikia sauti hizo mlangoni kwetu tangu utoto."

"Mwambie ainuke basi!"

"Haambiwi hivyo," alisema mzee. Akavua kofia, akaiweka juu ya usukani. Mkuu anasema alidhani anataka kusali.

Mimi kule Bukoba sikuyajua hayo. Nilichosikia ni uvumi tu, wa redio na wa mvua. Mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi juu ya meza. Kisha redio ikafunguka, na sauti ikaja bila kuita kituo, bila kujitaja. Ilikuwa inaitikia. Iliitikia salamu yangu yote kwa Kihaya, neno kwa neno, kwa utaratibu, kama mzee aliyeketi mlangoni pake jioni na hana pa kwenda. Aliuliza nimeamkaje. Aliuliza mume wangu ameamkaje. Aliwaulizia wazazi wangu, wale Walutheri, kwa heshima, kana kwamba amekuwa akiwaulizia siku zote. Hewa ilikuwa moja mkoa mzima: Biharamulo walikuwa wakisikiliza, Ngara walikuwa wakisikiliza, Karagwe walikuwa wakisikiliza, na hakuna aliyethubutu kuingilia.

"Inuka sasa," alisema. "Inuka, mwana wange, sakafu ina baridi. Ova."

Niliishika meza nikajivuta. Niliposimama, kipaza sauti kilikuwa mbele ya mdomo wangu, na ndipo nilipokiona, na ndipo nilipoelewa siku yangu yote: nilikuwa nikisemea chini yake. Nilibonyeza kitufe. Sikupata neno la kazini wala la nyumbani. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe ikienda Ijumbi.

"Bukoba?" aliita. "Umesimama? Ova."

Neno lile la Kihaya la kumwita baba sikuwahi kumwita nalo, kwa sababu hakuwa amenipa ruhusa.

"Nimesimama, tata," nilisema. "Ova."