Kavira, mutafsiri wetu wa Dada Radi

Moyo inakataa. Message ya ndugu yake nimeisoma mara tatu, kisha nikamupa mutoto wangu Riziki asome na yeye, pengine mimi njo nasoma vibaya. Hapana. Kavira amekufa.

Banamuzika kesho kule kwabo Butembo. Barabara iko imefungwa juu ya vita. Sitafika.

Mimi sikusoma sana, munisamehe makosa. Lakini sitaki azikwe bila bantu kujua kitu alinifanyiaka.

Bale tulikuwaka pamoja mu kambi ya bakimbizi, pembeni ya Mubambiro, munamujua. Yule mwanamuke Munande mwenye duka ya mabati, sabuni na mafuta ya mawese, na televizio moja ndogo, tele ya pano ya jua. Siku ya Yenga, kisha misa, alikuwa anatuonyesha filme.

Filme yenyewe ilikuwa moja tu. Musichana wa kawaida, radi inamuingia mu mukono, njo anaanza kuwa na nguvu. Ilikuwa ya Kingereza, na Kingereza hakuna aliyekijua, hata Kavira. Lakini alisimama pembeni ya tele na fimbo, anatafsiri. Bila haya.

"Sasa huyu anasema, mimi ni mutoto wa mulimaji, musinizoee." Tulikuwa tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Yule musichana tulimupenda kama ndugu. Tukamuita Dada Radi. Bamama balikuwa banagombana juu yake hata kwenye kuchota maji. Mama Sifa, jirani wangu, ambaye mume alimuachaka, alisema musichana mwenye nguvu vile hawezi kupata bwana. Kavira akamuuliza, "Na wewe mwenye hauna nguvu, wako iko wapi?" Mama Sifa mwenyewe njo alicheka wa kwanza.

Papa katekista alihubiri kama ile filme ni ya shetani. Yenga yenye ilifuata tulimukuta amekaa mbele kabisa, tena na kiti ya kwake.

Batoto basichana bote balifunga kitambaa ya kikwembe ku shingo, banaruka kutoka juu ya mawe ya volkano. Mimi niliwaangalia roho juu, sasa hivi mumoja atavunjika. Munanijua, naogopaka kila kitu.

Lakini wangu hakuwa kati yabo.

Siku tulikimbia kutoka kwetu Bihambwe tulikuwa ku shamba. Risasi ilipoanza mimi nikashuka huku, Riziki akapanda kule. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Basi mu duka ya Kavira nilikaa pa mulango, kiti inaangalia barabara. Filme niliisikia na sikio moja.

Sasa mu ile filme kuna mwanamuke mukubwa, amevaa kiaskari, njo commander wao. Kila akitoa amri, Dada Radi anamujibu, "Yes, ma'am." Sisi tukasikia mama. Duka yote ikasema ni mama yake. Kavira na yeye akasema ndiyo, ni mama yake, hamuoni pua?

Bamama bakakasirika. Mama gani anatuma mutoto wake ku vita?

Mimi nikageuza kiti. Dada Radi alikuwa amepotea mu pori, na yule commander alikuwa anaongea mu radio, uso mukali. Nikauliza Kavira, mama yake anasema nini?

Akaniangalia kidogo. Halafu akasema polepole: "Anasema, mutoto wangu, popote uko, kula kitu banakupa. Usione haya. Mimi niko nakuja."

Tangu ile siku sikukosa Yenga hata moja. Nilikuwa nangoja ile radio. Na kila Yenga maneno ilibadilika. Siku moja mama anamuambia mutoto afunge kichwa juu ya baridi. Siku ingine anamuambia asipande pikipiki ya muntu hamujui. Sasa njo naelewa. Ni maneno yangu mwenyewe, yenye nilimuambiaka Kavira juma yote tukichagua maharagi.

Riziki alionekana kisha miezi nane, kule Buleusa, kwa balimaji bamoja balimulisha kama mutoto wabo. Mungu abakumbuke.

Mwaka jana Riziki, amekuwa mukubwa sasa, anasoma Kingereza, aliona ile filme ku telefone. Akaniita. Akasema, "Mama, yule si mama yake. Ma'am ni heshima ya kazi, vile sisi tunasema chef kwa mukubwa. Mama ya Dada Radi haonekane hata mara moja."

Nikamupigia Kavira, alikuwa amesharudi kwabo. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema alijuaka tangu Yenga yenye ilifuata ile ya radio, mwalimu mumoja mugeni kambini alimuvuta pembeni akamueleza yote. Nikamuuliza, sasa juu ya nini haukutuambia?

"Ningemuambia nani? Wewe ulikuwa umeshageuza kiti."

Na mimi nikacheka. Nikamuambia yeye ni muongo sana, Mungu atamuuliza. Tukaongea mvua, tukaongea magoti yake. Reseau ya telefone ikakatika.

Aksanti sikuisema. Niliona si neno la telefone. Nilisema barabara ikifunguka nitapanda, nitamubebea maharagi na jibini ya kwetu Masisi, nitakaa mbele yake nimuambie vizuri. Niliiweka, nikingoja barabara.

Kavira, naiandika hapa, mbele ya bantu bote, batoto bako baisome. Miezi nane ulimuongelesha mutoto wangu mahali sauti yangu haikufika. Sijue kama alisikia. Mimi nilisikia, na sikupata wazimu.

Aksanti, Kavira. Lala na moyo mutulivu, dada yangu. Mutoto alifika.