Mringaringa wa Mama Flavia

Mume wangu Sylvanus anakereza kalamu za mbao, na watalii wa Moshi wanazinunua. Ni kitinda mimba, kwa hiyo mama yake, Mama Flavia, alipofariki, kihamba cha Kibosho, yaani shamba la ukoo, kilibaki kwetu kwa desturi ya Wachaga, pamoja na chombo cha mama cha kuchachulia mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kilichochongwa kutoka gogo la mti wa mringaringa.

Sylvanus hakulia msibani. Alipanga viti, akachinja, akashukuru watu. Matanga yalipoisha akarudi kwenye mashine yake. Nilimwambia apumzike, akaniuliza apumzike kutokana na nini. Nilikasirika, maana mimi nilimlilia yule mama kuliko yeye.

Dada yake Stella, aliyeolewa mjini, akaomba kalamu itokanayo na chombo kile. "Iwe na harufu ya mbege ya mama," alisema. "Nikiinusa nimkumbuke."

Kumbe kitako cha chombo kilikuwa kimeoza. Mbege iliyokipa sifa ndiyo iliyokila. Kikulacho ki nguoni mwako. Sylvanus akakata vipande vichache vilivyoonekana vizima.

Mbao laini au iliyooza hunyweshwa dawa kwanza: inatumbukizwa kwenye gundi ya maji, pampu inavuta hewa yote iliyo ndani, gundi inachukua nafasi yake, kisha inaokwa hadi iwe ngumu. Mpingo hauhitaji. Mti wa kahawa uliokauka vizuri nao hauhitaji, na Sylvanus hujivunia hilo kwa kila mteja. Mgema akisifiwa, mnajua wenyewe.

"Nikiinywesha, harufu itakwisha," aliniambia.

Akakereza kipande cha kwanza kikavu hivyohivyo. Kikamomonyoka. Cha pili kikapasuka patasi ilipokigusa tu. Vingine navyo vikaishia kuwa unga, kikabaki kimoja.

"Baba Primus, kinyweshe," nikamwambia. "Usipofanya hivyo, Stella atakosa harufu na kalamu pia."

Alikitumbukiza kwenye mtungi wa gundi, akafunika, akawasha pampu. Mapovu yakaanza kupanda kutoka kwenye mti. Nami nikiwa mlangoni, harufu ikanifikia: ndizi zilizochemshwa, ulezi, moshi wa jiko la mama mkwe. Ilikuwa inatoka kwenye bomba la pampu. Ilikuwa kana kwamba mama yumo humo chumbani, ameshika kata, anaonja kwanza kama ilivyo desturi kabla ya kumpa mtu.

Nilimtazama Sylvanus. Alikuwa ameinama juu ya mtungi, anaangalia mapovu. Harufu ikapungua, ikaisha. Akazima pampu na kwenda kuwasha oveni.

Kalamu ilitoka nzuri mno, yenye mistari ya kahawia. Stella alipanda kutoka mjini kuifuata. Akaamkia makaburi kwanza, kisha akaketi barazani na kuinusa. Akainusa tena.

"Haina kitu, mdogo wangu."

"Najua," Sylvanus akasema. "Ilitoka yote nikiwepo."

"Ulimsikia mama, hukuzima mashine?"

"Nilisikia harufu yake, ndiyo. Lakini mapovu yalikuwa hayajaisha. Ningezima, mti ungebaki na hewa ndani, ungepasuka kwenye mashine kama vile vingine." Akaichukua kalamu, akaifuta kwa kiganja. "Hata hapo sikulia, Stella. Nilikuwa naangalia mapovu."