Picha Ambayo Sikuiweka

Ujinga ulikuwa wangu, nakiri mapema ili usipate kazi ya kunilaumu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mtaani Jericho, miaka ile ya tisini stima ilipokuwa ikitutembelea kama mjomba wa mbali. Cheka ukitaka.

Nilikuwa na chumba kimoja na kompyuta ya mitumba. Kutoka nje sikupenda. Ukininyang'anya chumba umenimaliza. Mama Atieno wa mlango wa pili alikuwa akichungulia na kunitania, "Wewe, hiyo televisheni utaioa lini?"

Kazi yangu ilikuwa kuchapa ratiba za mazishi, zile zenye picha ya marehemu kwenye fremu. Nilijitungia programu ya kuzichora. Programu hutuma amri kwa draiva, ile inayoendesha skrini, na kila amri ni kama kifurushi chenye nafasi za kujaza: chora wapi, ukubwa gani, picha ichukuliwe wapi kwenye kumbukumbu ya mashine. Hiyo ya mwisho sikuijaza. Nilidhani nisipoweka kitu hapatakuwa na kitu. Si nilikuwa msomi wa kidato cha nne? Kumbe nafasi isiyojazwa hubaki na takataka yoyote iliyolala pale, na mashine inaifuata tu.

Alasiri moja stima ilirudi baada ya kupotea tangu asubuhi. Nikawasha, nikatuma amri. Fremu ikajaa: mwanamke wa kitambaa cha kijani kichwani, ameketi, ananitazama.

Mabaki ya kazi ya zamani, nikajiambia. Lakini mabaki gani, ndugu yangu? Stima ikipotea, kumbukumbu ile hufutika yote. Tena pazia lililokuwa nyuma yake lilikuwa langu, na tundu nililolichoma kwa pasi. Alikuwa ameketi kitandani kwangu.

Niligeuka. Hapakuwa na mtu. Ila godoro lilikuwa limebonyea, na mbele ya macho yangu, polepole, likainuka.

Nilikimbilia kwa binamu yangu, mtaa wa Eastleigh. Kitanda cha watu kikanishinda, nikarudi. Changu nilikikuta kimetandikwa. Niamini, tangu nimalize shule ya bweni mimi sijawahi kutandika kitanda.

Mpaka leo najaza kila nafasi, hata kwa sifuri, na mpaka leo godoro hubonyea upande wa ukutani. Nilichelewa. Wewe unayejifunza mashine hizi, usitume amri yenye nafasi wazi. Unajua ni nani anayengoja kuitwa?

Lakini aliyenimaliza ni Mama Atieno. Siku ile niliyorudi nilimkuta akifua, nikamweleza kwamba naogopa kuingia, kwamba chumba si changu tena. Kitambaa sikukitaja. Hakuacha hata kusugua.

"Wewe kijana una maneno! Unanililia hapa, na huyo dada wa kitambaa cha kijani amesimama mlangoni kwako tangu asubuhi. Si umwambie tu aketi!"